Ghala la jirani limejaa: je, nasi tulifunge letu?

Swali

Mimi ni karani wa AMCOS moja, chama cha msingi cha ushirika, huku Kyela, tunakusanya kakao. Dada yangu ameolewa Kericho, mumewe analima chai. Sikukuu iliyopita shemeji alikuja kututembelea, akatucheka kwamba sisi kila kinachoingia ghalani tunakitoa siku ya mnada kama watu wenye njaa, ilhali wenzetu Kenya walithubutu kuizuia chai yao Mombasa ili wanunuzi waheshimu bei. Maneno hayo yalimchoma mwenyekiti wetu, ambaye alikuwepo. Akanituma nitafute takwimu. Nimepata jedwali moja linaloweka kahawa, chai na kakao chini ya kichwa kimoja, "vichangamshi", lenye safu ya "badiliko la akiba". Upande wa Kenya namba ni kubwa, zinapanda na kushuka. Upande wetu ni sifuri, moja, sifuri, na mahali pengine kuna alama ya kutoa. Mwenyekiti anataka nilisome jedwali hilo kwenye mkutano mkuu mwezi ujao, kisha apendekeze tufunge ghala, tusiuze mpaka bei irudi kuwa kama ya mwaka 2024. Wanachama wengi wana ada za watoto. Mzee, nchi hizi mbili nizilinganishe vipi nisije nikaaibika? Na je, tuzuie?

*Karani, Kyela*

Jibu

Umeuliza mawili, nami naanza na la pili kwa sababu ndilo lenye ada za watoto ndani yake. Msizuie kakao kwa ajili ya jedwali hilo. Ikiwa mwenyekiti ana sababu nyingine, na azilete zijadiliwe, ila jedwali halisemi anachodhani linasema. Nikueleze linasema nini, ili siku ya mkutano usimame na hoja mkononi.

Badiliko la akiba ni hesabu ya mlangoni, ile ile unayoifanya kwenye leja yako. Unachukua bakaa ya mwanzo wa msimu, unajumlisha kilichoingia, unatoa kilichotoka, unapata bakaa ya mwisho. Tofauti ya bakaa hizo mbili ndiyo badiliko. Ghala lililokuwa na tani 500 likafika 510, na ghala lililokuwa tupu likafika tani 10, kwenye safu hiyo ni sawasawa. Anayesoma safu hiyo peke yake hajui nani ana mzigo na nani hana. Anajua tu kwamba mlango ulifunguliwa.

Kwa jinsi ulivyolieleza, jedwali lako linatokana na mizania ya chakula ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Huko ndiko kahawa, kakao na chai hufungwa kamba moja, na ndani ya chai huingizwa hata mate, majani wanayokunywa watu wa Argentina na Paraguay. Matoleo yake ya zamani hupigwa kwa maelfu ya tani. Ghala la Kyela likiongeza tani 400, pale inasomeka sifuri, na hiyo sifuri yako haimaanishi hatuna kitu. Alama ya kutoa nayo ina mtego wake. Katika matoleo hayo ya zamani ilimaanisha bidhaa *imeingia* ghalani, kwa kuwa kilichowekwa akiba kimetolewa kwenye kile ambacho watu wangeweza kukitumia mwaka huo. Kwa hiyo mwaka ambao mwenyekiti wako ataulilia kwamba tulipungukiwa, huenda ndio mwaka tuliojaza. Kabla hujatamka namba yoyote mbele ya watu, soma maelezo ya jedwali ujue alama inaelekea wapi.

Kuna jambo zito zaidi. Mara nyingi namba za safu hiyo hazikuhesabiwa na mtu aliyeingia ghalani na chaki. Zimekokotolewa: uzalishaji na uagizaji upande huu, mauzo ya nje na matumizi upande ule, na kisichoelezeka kinawekwa kwenye akiba. Makosa ya makisio ya mavuno, magendo ya mpakani na gari lililovuka bila kupimwa vyote huishia hapo. Wewe karani unajua leja ambayo kila upungufu umeandikwa "panya".

Hapo nina habari yangu mwenyewe. Ujanani nilikuwa mhesabu magunia katika ghala moja la kahawa Moshi. Siku yangu ya kwanza ya kufunga hesabu nilizunguka na ubao wa kuandikia, nikapanda juu ya malundo, nikachungulia katikati nisije nikahesabu lundo lenye shimo, nikatoka nimejaa vumbi la juti mpaka kwenye kope. Nikajumlisha kila kitu, nikapeleka jumla moja safi. Msimamizi aliitazama, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Umejumlisha mayai na vifaranga." Nusu ya magunia yale yalikuwa na kahawa safi iliyokwisha kobolewa. Nusu nyingine ilikuwa bado na ngozi yake. Kilo 100 za kahawa yenye ngozi hutoa kilo 80 hivi za kahawa safi. Ghala langu lilikuwa limenenepa kwa maganda.

Ukilinganisha nchi mbili, kosa langu lile linakungoja kila kona. Kagera bei hutajwa kwa kahawa ya maganda, yaani tunda lililokaushwa zima, na nusu tu ya uzito wake ndiyo kahawa safi. Kenya ukisikia "mbuni" kwenye biashara, ndiyo hiyo iliyokaushwa na ganda lake, ilhali kwetu mbuni ni mti uliosimama shambani. Tunda bichi nalo linahitaji kilo sita hivi kutoa kilo moja safi. Chai ndiyo balaa zaidi, maana "majani ya chai" ni yale aliyobeba mchumaji kapuni na ni yale yaliyo kwenye pakiti dukani, wakati kilo moja ya chai kavu imekula kilo nne na ushee za majani mabichi. Kakao unaijua kuliko mimi: kilo tatu hivi zenye ute zikishachacha na kuanikwa, unabaki na moja. Namba isiyosema "mbichi" au "kavu" iache ilipo.

Tuje kwenye swali la ghala liko wapi. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo umeuza chai ya nchi kadhaa: Kenya yenyewe, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Kongo na Tanzania. Wewe ukipanda basi la Mbeya unapita Tukuyu, unaiona chai ya Rungwe kushoto na kulia imekatwa kama nywele za mwanajeshi. Miaka mingi chai ya namna hiyo ikitoka kiwandani imepakiwa lori, imevuka mpaka, imelala Mombasa ikingoja mteja. Kwetu imeandikwa imeuzwa nje. Kimwili iko katika ghala la Kenya. Shemeji yako alipojisifu kwa ghala lililojaa, huenda humo ndani kulikuwa na magunia ya jirani zako. Tanzania ilianzisha mnada wake wa chai Dar es Salaam Novemba 2023, na chai inayongoja mteja Dar inaonekana kwetu. Lakini mtu akilinganisha miaka ya kabla na baada bila kulijua hilo, atadhani wakulima wa Rungwe wamegundua kuweka akiba. Kumbe mahali pa kungojea ndipo palipobadilika.

Kagera mambo huenda kinyume. Bei ya Uganda ikipanda, kahawa ya kwetu huvuka usiku na kuamkia katika hesabu ya wenzetu. Kwenye makisio yetu ilikuwepo, kwenye maghala yetu haipo, na hakuna hati ya mauzo. Anayekokotoa akiba mezani hapo lazima apate namba ya ajabu.

Tarehe nayo. Katika hesabu za kimataifa za kahawa, msimu wa Tanzania huanza Julai na wa Kenya huanza Oktoba. Ukihesabu nchi zote mbili tarehe 30 Septemba, Kilimanjaro bado wanavuna na mzigo unaingia, ilhali Kenya wanafunga mwaka. Utasema Tanzania imelimbikiza na Kenya imefilisika, na hakuna aliyelimbikiza wala aliyefilisika.

Hata namba zikiwa safi, tani kwa tani hazikwambii kitu mpaka uzigawanye. Kenya ilizalisha kilo milioni 570 hivi za chai mwaka 2023, yaani tani 570,000. Akiba yao ikiongezeka kwa tani 10,000, hiyo haifiki chai ya wiki moja. Kakao ya Tanzania yote, ambayo sehemu kubwa yake ni yenu ninyi wa Kyela, kwa kawaida ni kati ya tani 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Tani 10,000 hizo hizo kwetu ni karibu mavuno mazima. Ndiyo maana namba za Kenya kwenye jedwali lako zinaruka kama samaki na zetu zimelala. Ukubwa wa shamba ndio unaoonekana pale, ushujaa haumo. Ugawanye mzigo uliopo kwa wastani wa mauzo ya wiki, upate *wiki ngapi*. Wiki nane ni wiki nane, Mombasa au Kyela.

Sasa hiyo chai iliyozuiwa. Shemeji yako amesimulia mwanzo wa hadithi akaacha mwisho. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini mnadani Mombasa kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai wa Kenya: dola 2.43 kwa kilo, chini ya hapo haiuzwi. Nia ilikuwa njema, wakulima walikuwa wameumia. Wanunuzi hawakugombana na mtu. Walinunua chai nzuri iliyostahili bei hiyo, wakaipita nyingine, wakachukua ya nchi jirani isiyofungwa na sharti hilo. Mzigo uliokataliwa ukarudishwa mnadani wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kufikia mapema mwaka 2024 ilitajwa kwamba zaidi ya kilo milioni 100 zimelala Mombasa bila mteja. Igawanye kwa ule mwendo wa kilo milioni 570 kwa mwaka: ni chai ya wiki tisa. Mwaka huo huo bei ya chini ikaondolewa.

Na chai haikai kama msumari. Inavuta unyevu na harufu, rangi yake kikombeni inafifia. Mwonjaji akiivuta kwa kijiko kwa ule mvumo wao anajua ni ya lini kabla hajaitema. Iliyorundikana sana ilikuwa ya magharibi ya Bonde la Ufa, ambayo kwa kawaida hupata bei ndogo kuliko ya upande wa Mlima Kenya. Kericho iko upande upi? Mpigie shemeji, muulize kwa adabu bonasi yake ya miaka hiyo ilikuwaje ikilinganishwa na ya wenzake wa Kirinyaga, upande ule wa mlima. Usimcheke, naye alikuwa anazirudia hoja alizozisikia.

Halafu uzingatie kwamba huyo ni Kenya, muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa chai nyeusi nje ya nchi. Akifunga mlango, soko linasikia. Kakao yetu yote haifiki hata gunia moja katika kila 250 yanayovunwa duniani. Tukifunga mlango Kyela, New York na London, ambako bei ya kakao hupangwa, hakuna atakayeinua kichwa.

Mwenyekiti anaikumbuka bei ya 2024, na nani ataisahau? Lakini aseme ilitoka wapi. Côte d'Ivoire na Ghana, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipigwa na hali mbaya ya hewa na magonjwa ya miti. Msimu wa 2023/24 dunia ilipungukiwa karibu tani nusu milioni, viwanda vikala akiba yao ya ghalani, na Desemba 2024 tani moja ikapita dola 12,000. Kufikia mwishoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hapo. Bei ile ililetwa na maghala matupu ya watu wengine. Kulijaza la kwetu hakuwezi kuirudisha. Aliyefunga kakao yake Desemba ile akingoja ifike dola 15,000, mwaka uliofuata aliuza mzigo ule ule kwa nusu bei, tena ukiwa umezeeka.

Ninyi watu wa Kyela mna mpunga, na nadhani hapo ndipo mwenyekiti alipopata wazo. Mpunga unazuilika. Bei ikikataa unangoja, ikikataa zaidi unakoboa unakula. Kakao ikikukwamia utaitazama. Nayo ikizidi unyevu wa asilimia 8 inaanza kuota ukungu, na ninyi mko kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo mvua haiulizi msimu na hata chumvi hulowa kwenye kikopo.

Sijasema kwamba kungoja ni kosa siku zote. Kungoja mzigo ukauke vizuri, kungoja upatikane wa kujaza lori, kugomea bei ya mnada mmoja ambayo wazi iko chini ya soko la dunia, hizo ni ngoja zenye akili. Ila ziwe na mambo matatu yaliyoandikwa kwenye muhtasari kabla mlango haujafungwa: bei mnayoikubali, tarehe ambayo mtauza hata bei hiyo isipofika, na nani analipa gharama za kungoja. Mwenye ada ya mtoto asilazimishwe kungoja na mwenye ng'ombe. Stakabadhi ghalani ipo kisheria tangu mwaka 2005, na karatasi ile inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Ulizeni benki yenu riba yake, muipime na bei mnayoitarajia. La sivyo wanachama wenu watamwuzia mchuuzi njiani, kama wanavyofanya Kagera kwa butura, kahawa ikauzwa ingali ua, na ghala mlilolifunga litakuwa halina kitu cha kufungiwa.

Kwenye mkutano, jedwali lile liache nyumbani. Andika ubaoni yako matano. Kakao kavu iliyopo leo, kwa kilo, na tarehe. Iliyoingia na iliyotoka tangu msimu uanze. Iliyobaki ni sawa na mauzo ya wiki ngapi. Kwa nini ipo: haijapata mteja, imeuzwa inangoja lori, au haijakauka. Na kila mwezi inatugharimu kiasi gani kwa ghala, riba na uzito unaopungua. Hilo la nne ndilo kubwa. Magunia 300 yaliyokwisha lipiwa na magunia 300 yaliyokataliwa yanafanana kabisa ukiyatazama mlangoni.

Wakikulazimisha utaje Kenya, linganisha chai na chai, kahawa na kahawa, kavu na kavu, tarehe moja, kwa wiki. Kwa kakao waambie ukweli: Kenya hailimi ya kutajika, hatuna cha kulinganisha nao. Mkitaka kujipima kakao kwa kakao hapa jirani, jipimeni na watu wa Bundibugyo, Uganda. Wao wanaijua mvua kama yenu.

Na jambo moja la mwisho, hili halihitaji ubao. Kila ghala lina kona yenye gunia lililosahaulika. Kachote humo kiganja cha kakao ya msimu uliopita, na kiganja kingine cha wiki hii. Mpe mwenyekiti kisu, azikate punje mbilimbili mbele ya wanachama, kama wanunuzi wanavyofanya. Zipitishwe mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma, kila mtu aone ndani na anuse. Kisha ndipo aombe kura ya kufunga ghala.

Msalimie dada Kericho.